Anaongea Lugha ya Nani? Filamu za Kutazama Nyumbani Ukiwa Kahama

Kila ikifika Desemba, watu wakianza kurudi Kahama kutoka migodini, vyuoni na Dar, napokea ujumbe wa aina moja: "Nipe muvi kali ya kutazama na familia." Wengi wakisema kali wana maana ya bunduki nyingi, au sizoni ya Kikorea ambayo mtu anaimaliza kwa siku mbili bila kulala. Kwa hizo huna haja ya kuniuliza mimi. Nenda kwenye duka lolote la muvi pale mjini, mpe kijana flashi yako, atakujazia mpaka iseme haina nafasi.

Mimi nina orodha nyingine, fupi, ya kazi saba ambazo mtu wa ukanda huu wa madini, awe wa Buzwagi, Bulyanhulu, Geita au Mwadui, akizitazama atakuta kitu kinachomhusu. Sikuzichagua kwa ubora wa kamera wala kwa tuzo. Nimezichagua kwa swali moja: mtu tunayemwona pale anaongea lugha ya nani, na anaongea na nani?

Swali linaonekana dogo. Lakini fikiria mtu unayemfahamu, labda mjomba wako, ambaye akiongea Kisukuma kwenye kikao cha ukoo hakuna anayemkatiza. Ana utani, ana mafumbo, anajua kumzunguka mtu mpaka akubali. Mpeleke mjomba huyohuyo mbele ya mgeni mwenye kamera, mwambie ajieleze kwa Kiingereza. Ghafla amekuwa mtu wa maneno ishirini. Atakayemwona kwenye filamu huko Ulaya atadhani hayo maneno ishirini ndiyo akili yake yote.

Huku kwetu tuna sababu ya kulijali jambo hili. Mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulisainiwa London, Februari 2007. Agosti mwaka huohuo mjadala wake ukawaka bungeni, na Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, akasimamishwa. Mgodi ulifunguliwa 2009, ukafungwa 2021, na sasa panazungumzwa habari za viwanda na ukanda maalumu wa uchumi. Katika mchezo huo mrefu, watu waliokuwa wakilima juu ya ile dhahabu hawakupewa mstari hata mmoja wa kusema. Ilibidi ufike mwaka 2017, wakati makontena yalipozuiwa bandarini Dar, ndipo nchi nzima ikajifunza neno makinikia. Kabla ya hapo wengi tulikuwa tunasema "mchanga" tu. Ukiita kitu mchanga, unakipa bei ya mchanga.

Kwa hiyo nikikaa mbele ya televisheni, nasikiliza mdomo kwanza, picha baadaye.

Kwanza, heshima kwa Lufufu

Kabla ya orodha, lazima niseme habari ya watu waliotufundisha kutazama. Kizazi changu hakikuanzia Netflix. Tulianzia kibanda umiza: mabenchi ya mbao, jenereta nje, televisheni moja, watoto sabini. Filamu ilikuwa ya Kichina au ya Kimarekani, lakini sauti ilikuwa ya Kiswahili. Mtu mmoja alikuwa anatusimulia kila kitu: nani adui, nani msaliti, kwa nini yule mzee analia. Huyo mtu kwa Tanzania jina lake kubwa ni Lufufu, yaani Derek Mukandala. Uganda wanao VJ Jingo na wenzake, Kenya wanaye DJ Afro.

Lufufu hakuwa anatafsiri kwa maana ya darasani. Alisimulia hata Titanic, na Titanic yake haikuwa ya James Cameron peke yake. Aliongeza methali, alimkaripia mhusika, alitueleza mila za Wazungu kana kwamba ni majirani zake wa Temeke. Wapo waliosema anapotosha. Kweli, kama ungemlinganisha na maandishi ya filamu, asingepata alama nyingi. Lakini ukimlinganisha na msimulizi wa hadithi pale kijijini, yule anayejua hadithi si yake ila mdomo ni wake, utaona alikuwa anafanya kazi ambayo sisi wapenda fasihi tunaisifia vitabuni, kisha tunaidharau ikitoka kwenye spika mbovu.

Wala si sisi tu. Japani, enzi za filamu bubu, walikuwepo wasimulizi walioitwa benshi. Walikaa pembeni ya pazia wakieleza na kuigiza sauti zote, na watu walilipa kiingilio kumfuata msimulizi fulani hata kama filamu ni mbaya. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Filamu zenye sauti zilipoingia, kazi yao ikafa.

Linganisha na kile tulichofanyiwa na wakoloni. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa filamu za mafunzo wenye makao yake Vugiri, huko Usambara. Filamu za kilimo, afya, hata za kuwahimiza watu waweke akiba posta. Waigizaji Waafrika, waamuzi Wazungu, na sauti iliwekwa baadaye kwenye santuri. Yaani Mwafrika anaonekana, ila kinachosikika kimepangwa na bwana mkubwa. Lufufu aliligeuza jambo hilo juu chini: picha ya mgeni, sauti yetu.

Basi tuingie kwenye orodha tukiwa na masikio hayo.

1. Dar 2 Lagos (2006)

Naanza na mtoto wa nyumbani. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akapitia Kaole, akawa nyota mkubwa kuliko wote wa Bongo Movie mpaka alipofariki Aprili 2012. Nchi ilisimama siku ile. Humu ndani ya filamu anakutana na Mercy Johnson wa Nigeria, na Kiswahili na Kiingereza vinapishana.

Kiukweli si filamu iliyotengenezwa vizuri. Sauti inapanda na kushuka, na kuna yale magari yanayoendeshwa dakika tatu bila sababu. Itazame kwa ajili ya Kanumba mwenyewe. Akiwa kwenye Kiswahili anatembea kwa raha, anacheza na macho, anajua lini anyamaze. Akiingia kwenye Kiingereza mabega yanakaza. Miaka mitatu baadaye alialikwa kwenye jumba la Big Brother Africa, na Watanzania walewale waliompenda wakamcheka wiki nzima kwa Kiingereza chake. Hakuacha kukitumia. Aliendelea kuzipa filamu zake majina ya Kiingereza mpaka mwisho, na wakati huo alikuwa maarufu kuliko wote waliomcheka.

Mimi naisoma hadithi yake kama ya mtu wa huku. Nilipoanza kazi ya redio, kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, nilimpelekea mhariri taarifa yangu ya kwanza, akaniambia: "Habari ni nzuri, ila punguza Usukuma mdomoni." Alikuwa na maana ya ile r yetu inayogeuka l. Sikuwa nimesoma kitu chochote vibaya. Nilikuwa nimesema "balabala". Ukitaka kujua lafudhi yetu ilivyozoeleka kuwa kichekesho, kumbuka kwamba jina Masanja, ambalo hapa Kahama ukiita sokoni watageuka watu watano, nchi nzima ilililea kama jina la mchekeshaji kupitia Ze Comedy. Tulicheka na sisi. Ila Kanumba alipotaka kuigiza tajiri, daktari na mpenzi, hakuigiza Msukuma. Hakukuwa na nafasi hiyo.

2. Darwin's Nightmare (2004)

Hii usiitazame na watoto. Ni filamu ya Hubert Sauper kutoka Austria kuhusu sangara wa Ziwa Victoria, viwanda vya minofu vya Mwanza na ndege kubwa za mizigo zinazotoka Ulaya ya Mashariki. Iliteuliwa kugombea Oscar mwaka 2006, na mwaka huohuo Rais Kikwete akaishutumu hadharani kwamba imeichafua nchi. Watu waliandamana Mwanza.

Ugomvi wa wakati ule ulikuwa juu ya ukweli. Je, ndege zinaleta silaha? Filamu haituonyeshi silaha hata moja ikishushwa Mwanza, ingawa rubani mmoja anakiri kwamba amewahi kupeleka vifaa vya kivita Angola. Je, mapanki, yale mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa, ni chakula cha watu au cha mifugo? Kila aliyekaa Mwanza anajua mapanki yaliliwa na watu, na anajua pia kwamba si kila mtu aliishi kwa mapanki.

Mimi hoja yangu ni nyingine. Angalia ni nani anaongea lugha gani. Mlinzi wa usiku, mwenye mishale, anahojiwa kwa Kiingereza. Dada anayefanya biashara ya mwili na marubani, anaongea Kiingereza. Wanatafuta maneno, wanapata machache, kamera imewakaribia uso mpaka unaona jasho. Mlinzi anasema mambo mazito kuhusu vita na ajira, lakini yanatoka vipandevipande, na mtazamaji wa Paris anabaki na picha ya mtu wa gizani, mwenye macho mekundu. Najiuliza mlinzi yule angesema nini kama angeulizwa kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, na mtu wa kwao. Nina hakika angecheka walau mara moja. Watu wa ziwa hatuwezi kuongea nusu saa bila utani hata msibani.

Bado nakushauri uitazame. Ina ujasiri, na umaskini inaouonyesha haukuigizwa. Ila ukimaliza usiseme "hii ndiyo Mwanza". Sema ni Mwanza iliyolazimishwa kuongea Kiingereza.

3. In the Shadow of the Sun (2012)

Nayo ni ya mgeni, Harry Freeland wa Uingereza, na nayo ina mada nzito: mauaji ya watu wenye ualbino. Hapa Kahama hatuwezi kujifanya hatujui. Septemba 2009, mahakama ikiwa imekaa hapahapa Kahama, watu watatu walihukumiwa kifo kwa kumuua mvulana wa miaka 14, na ilikuwa ni hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Imani kwamba viungo vya binadamu vinaleta dhahabu au samaki ilitajwa sana kuhusu wachimbaji na wavuvi wa ukanda huu. Ni aibu yetu na tusiikimbie.

Kinachoitofautisha filamu hii ni Josephat Torner, mwanaharakati ambaye yeye mwenyewe ana ualbino. Anasafiri mpaka vijiji ambako mauaji yametokea, anasimama mbele ya watu, anaongea nao kwa Kiswahili. Hamwongeleshi mtu wa kamera. Anawaongelesha wao: mnanionaje, mimi ni mzimu? Wanakijiji wanainama, wengine wanacheka kwa aibu, mmoja anajibu. Mazungumzo hayo hayakuandikwa na mtu. Sambamba naye yupo Vedastus, kijana wa Ukerewe ambaye anachotaka ni kusoma. Freeland aliwafuata kwa miaka kadhaa, na inaonekana: wamemzoea, hawajieleze kwake, wanaishi tu.

Tazama na watoto wakubwa, kisha zima televisheni na mzungumze. Kama kuna mtu nyumbani bado anaita watu "zeruzeru" bila kufikiri, huu ndio wakati wa kumwambia.

4. Makala (2017)

Kama utatazama moja tu katika orodha yote, itazame hii. Mfaransa Emmanuel Gras anamfuata Kabwita, kijana wa kijiji kimoja karibu na Kolwezi, Kongo, mji wa madini kama wetu. Kabwita anakata mti mkubwa, anachoma mkaa, anapakia magunia juu ya baiskeli, anaisukuma kilomita zipatazo hamsini mpaka mjini. Anataka mabati ya kuezekea nyumba. Basi, hiyo ndiyo hadithi nzima. Mwaka huo ilishinda tuzo kuu ya Wiki ya Wakosoaji kule Cannes.

Ukiwa Kahama utaona jambo ambalo mtazamaji wa Cannes hakuliona. Wewe unazijua hizo baiskeli. Umezipita barabarani alfajiri, ukazipigia honi. Unajua gunia linafungwaje na kwa nini fimbo inafungwa kwenye usukani. Unajua pia bei ya bati, kwa hiyo Kabwita anapouliza bei na muuzaji anamjibu, wewe hesabu utaifanya kabla yake, na moyo utakushuka kabla yake.

Tena unamsikia. Anaongea Kiswahili cha Katanga, chenye "batu" na "bintu", chenye "iko" kila mahali. Dakika kumi za kwanza utahangaika, baadaye sikio linafunguka. Anabishana bei, anambembeleza mkewe, anaomba Mungu. Hamgeukii Mfaransa kumweleza umaskini ni nini. Kwa hiyo mkurugenzi kuwa mgeni si tatizo lenyewe. Sauper na Gras wote ni Wazungu. Mmoja alimtaka mtu aje kwenye lugha ya kamera, mwingine akaipeleka kamera kwenye lugha ya mtu. Matokeo yake, yule mlinzi wa Mwanza tunamwonea huruma, na Kabwita tunamheshimu.

Lawama ninayo moja: kuna mahali muziki wa ala za nyuzi unaingia kutuambia tuhuzunike. Mlio wa baiskeli ulikuwa unatosha.

5. Siri ya Mtungi (kuanzia 2012)

Hii ni tamthilia, na ni yetu, ya MFDI, iliyochezwa Bagamoyo na Dar. Fedha zilitoka Marekani kwa ajili ya mawasiliano ya afya, na kawaida nikisikia hivyo nakimbia, maana najua katikati ya ugomvi wa mapenzi atatokea mhusika aliyeshika kipeperushi. Humu hatokei, au akitokea anakuwa na shida zake mwenyewe.

Cheche, mpiga picha kijana mwenye mke na tamaa, anaongea Kiswahili cha mtaani kama kinavyoongewa: sentensi haziishi, watu wanadakiana, mama anamsema mtu kwa kumsemesha kuku. Ukitoka kwenye tamthilia za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili, ambazo nazipenda lakini kila mtu humo anaongea kama anasoma taarifa ya habari, utaona tofauti mara moja. Inapatikana YouTube. Tafuta Wi-Fi ya ofisini kama bando ni shida.

Inaongea Kipwani, sawa. Sisi wa bara tumo kidogo sana. Lakini inaonyesha kwamba ukiwaachia waigizaji wa Kitanzania lugha yao, ile "mbovu" tunayoisingizia Bongo Movie inapungua nusu bila kununua kamera mpya.

6. Vuta N'kuvute (2021)

Wasomaji wa hapa mlikuwa mnaisubiri hii. Riwaya ya Shafi Adam Shafi wengi tuliisoma shuleni, wengine kwa kulazimishwa, wachache kwa mapenzi. Amil Shivji ameifanya filamu na ikaonyeshwa tamasha la Toronto 2021. Yasmin anaikimbia ndoa ya mzee, anapokewa na Mwajuma, anampenda Denge ambaye Waingereza wanamtafuta. Zanzibar ya miaka ya hamsini.

Ni nzuri kwa macho kuliko zote humu. Kuta, mvua, mashua, taa za karabai. Siti Amina akiwa Mwajuma anaibeba kila sehemu anayoingia, na akiimba unasahau siasa kidogo. Manung'uniko yangu ni ya msomaji: riwaya ile ni ya watu wanaoongea. Mwajuma wa kitabuni hana breki, Denge anahutubia hata akinywa chai. Kwenye filamu wamepunguziwa maneno, wanaangaliana sana. Najua sinema si kitabu. Ila pale ambapo Kiswahili cha Unguja kimeachiwa nafasi, kejeli na ubeti vikipishana, filamu inapata damu. Nilitaka zaidi ya hapo.

Ushauri: kama una mdogo wako wa sekondari, mpe riwaya kwanza, kisha mtazame wote, kisha mwulize ni maneno gani yameachwa. Atajifunza uhakiki bila kujua anajifunza.

7. Supa Modo (2018)

Ya mwisho ni ya familia nzima, na andaa kitambaa cha machozi. Likarion Wainaina wa Kenya anatuletea Jo, mtoto wa kike mgonjwa ambaye hatapona, anayependa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama anamrudisha nyumbani kijijini. Dada yake anaona kulala kitandani kusubiri kifo si maisha, akawashawishi wanakijiji wamfanye Jo aamini kwamba ana nguvu hizo. Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza vinachanganyika kama vinavyochanganyika kwenye nyumba yoyote ya Kenya, na hakuna anayejitetea kwa hilo.

Nimeiweka hapa kwa sababu ya Mike. Mike ndiye mwenye ukumbi wa video wa kijiji, na ndiye anayesimulia filamu kwa sauti yake mbele ya watoto. Ni Lufufu kabisa, ni DJ Afro. Wakati fulani Jo anagundua kwamba wanamwigizia. Hakasiriki siku nyingi. Anasema anataka wamtengenezee filamu yake, yeye mwenyewe akiwa shujaa. Na kijiji kizima kinaingia kazini, Mike akiwa mbele.

Nadhani hiyo ni njia ya kawaida kabisa ya sanaa kukua, na sijui kwa nini huku tumeiona ndefu. Ulianza kwa kutazama filamu za wengine kimya. Ukaja ukaanza kuzisemea, kama Lufufu. Hatua inayofuata ni kutengeneza yako. Sisi wa ukanda huu tumeganda kwenye hatua ya pili kwa miaka mingi. Hadithi tunazo hadi zinamwagika: mkataba wa London, mama aliyekuwa anauza maandazi getini Buzwagi mpaka geti likafungwa, kijana anayejua kusoma mwamba kuliko mtu mwenye digrii. Nataka tamthilia ya sehemu kumi ya mambo hayo, watu wake wakiongea Kiswahili cha Kahama chenye l zake zote, na Kisukuma chenye maandishi ya Kiswahili chini kwa ajili ya watu wa Dar. Wao ndio wasome safari hii.

Namna ya kutazama

Faida ya nyumbani kuliko ukumbini ni kitufe cha kusimamisha. Kitumie. Filamu kadhaa humu zina maandishi ya chini ya Kiingereza, na kila nyumba ina bibi, au mama mdogo, ambaye hasomi Kiingereza au ambaye miwani yake imevunjika tangu Pasaka. Usimwache akaangalia picha tu kama mtu anayetazama samaki. Kaa karibu naye umsimulie. Msimulie kwa Kisukuma kama ndicho anachokipenda. Ukikosa neno, simamisha picha, ulizeni wote: hili tuliiteje? Watoto watakulalamikia kwamba unawaharibia. Watazoea, sisi tulizoea.

Anzeni na Supa Modo siku ya kwanza ili kila mtu akae. Siku ya pili Makala, na mzee wa nyumba awepo, kwa sababu atawasimulia habari za mkaa ambazo hazimo kwenye filamu. Kanumba mwekeni Jumapili mchana, wageni wakiwepo. Vuta N'kuvute ni ya usiku, umeme ukiwa wa uhakika, maana ina giza jingi na ukitazama kwa mwanga wa dirishani hutaona kitu. In the Shadow of the Sun na Darwin's Nightmare subirini watoto wadogo walale. Siri ya Mtungi ni ya kila jioni, kipande kimojakimoja, mpaka wageni wote waondoke na likizo iishe.